Uzi wa Nne

Jumatano ile, saa kumi na robo alasiri, Mwalimu wa darasa la tatu aliingia kwa fundi wa mazeze akiwa na vumbi la chaki kwenye mikono ya gauni na mfuko wenye madaftari arobaini na moja. Nyuma yake aliingia mumewe, amebeba mwavuli. Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki tatu, lakini bwana huyo alibeba mwavuli kila alipotoka, kwa sababu bila mwavuli hakujua mikono aiweke wapi.

Karakana ilikuwa chumba kimoja kati ya saluni na kibanda cha mchonga funguo. Ukutani palitundikwa vibuyu vikavu, fito zilizokwisha kunyooshwa, na ngozi za mbuzi zilizowambwa zikingoja zamu yao. Zeze lao lilikuwa juu ya benchi. Nyuzi tatu zilikuwa zimeshakazwa; wa nne ulikuwa bado unaning'inia.

Fundi alikuwa na utaratibu wake, na hakuna aliyewahi kumbishia. Uzi wa mwisho aliufunga yeye fundi, huku mwenye zeze ameshika shingo ya zeze na anazungumza. Maneno yoyote yalifaa. Kuna mtu alimsimulia jinsi alivyong'olewa jino, mwingine alihesabu tu mpaka themanini. Sauti ilipita kwenye fundo, ikaingia kwenye ngozi, ikazunguka humo, ikarudi kwa mwenyewe kupitia mkono wake, na ikaacha kidogo tu, kiasi cha chumvi kwenye uji. Wakati wa kufunga, fundi aliwapa wateja mgongo. Alishagundua kwamba watu wengi wakitazamwa hawasemi.

"Haya mzee, shika shingo, kisha useme," alisema, akageuka.

Mume wa Mwalimu alishika. Akafungua mdomo, akaufunga, akamtazama mkewe.

Huyu bwana alikuwa amestaafu miezi minne kabla, baada ya miaka ishirini na saba ya kusoma mita za maji. Mtaani walimwita Mzee Taratibu, na hakuna aliyekumbuka jina hilo lilianza lini, ila kila mtu alijua kwa nini. Alikuwa mtu mwema, mwenye mdomo mzito. Kwa fundi cherehani, mkewe ndiye aliyesema suruali iwe na kiuno cha namna gani. Benki mkewe ndiye aliyeuliza. Siku koo lilipomvimba, mkewe ndiye aliyemweleza daktari linauma wapi. Na siku koo lilipokuwa zima, bado mkewe ndiye aliyesema. Zeze lenyewe alilitamani kwa sababu hiyo. Ujana wake aliwahi kujifunza kulipiga, na aliona labda uzeeni litamsaidia kukaa katikati ya watu bila kuulizwa mbona amenyamaza.

"Anachotaka, fundi," Mwalimu akasema, kama kawaida, "ni zeze lisilo na kelele. Atapigia harusini, watu wanakula, sasa waweze kusikilizana. Tena asije akaumia, maana miaka yote hiyo alikuwa anashika kalamu na tochi tu. Kwa hiyo huo uzi wa mwisho..."

Hapo sauti ikakatika. Midomo iliendelea kwenda lakini hakikutoka kitu. Fundi aliuma uzi uliozidi, akautema, akageuka.

"Tayari. Jaribu."

Mzee Taratibu aligusa uzi wa nne kwa kidole gumba.

"...usiukaze sana, ana vidole laini," zeze likasema, kwa sauti ya mkewe.

Kwenye saluni ya jirani mashine ya kukaushia nywele ilikuwa inanguruma.

"Ah," fundi akasema. "Nimefunga sauti ya mama."

Alilisema hilo kama fundi cherehani aliyempima kaka mtu badala ya bwana harusi. Akachukua zeze, akaligusagusa, akawaeleza vizuri. Aliyesema siye aliyeshika, na aliyeshika siye aliyesema. Sauti imeingia, haikupata pa kurudia. Iliwahi kumtokea mara moja kabla ya hapo, mteja alipokuja na mbuzi wake, na mbuzi akalia wakati wa kufunga.

"Tulifungua siku ya nne," alisema. "Mbuzi akarudiwa na sauti yake, na mpaka leo anasumbua majirani. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi, mama. Ngozi bado mbichi. Mpaka ikauke kabisa ni kama wiki sita. Ndani ya wiki sita nafungua fundo, sauti inatoka. Ikishakauka, hata mimi siwezi. Na msije mkakata uzi, maana ukikata uzi umekata na sauti."

Mwalimu alinyoosha kidole kwenye fundo. Alimaanisha sasa hivi.

"Ila nikishafungua," fundi akaendelea, "hiki kinabaki kibuyu tu. Hakikubali kufungwa mara mbili. Nitawatengenezea kingine, miezi miwili." Akamtazama mwenye zeze, maana ndiye aliyepaswa kuamua.

Ndipo Mzee Taratibu, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na tisa ya ndoa, akasema mwenyewe mbele ya mtu baki.

"Jumamosi nina harusi," alisema. "Nimeshawaahidi watu. Tutakuja Jumatatu."

Mwalimu alimvuta shati. Alikuwa amekasirika mpaka masikio yakawa ya moto. Mumewe alidhani anaharakishwa, akachukua mwavuli wake.

Jumamosi Mwalimu alibaki nyumbani kusahihisha madaftari, na mumewe akaenda harusini. Kule ukumbini alikaa kwenye kona karibu na meza ya keki, akaanza kupiga polepole. Zeze likasema yale ambayo Mwalimu alikuwa akiyawaza saa ileile, maili tatu kutoka hapo, kalamu nyekundu mkononi.

"Nane mara saba ni hamsini na sita, siyo hamsini na nne," zeze likasema. "Nimesema mara ngapi."

Wageni wakacheka, wakadhani ni mzaha wa kufungulia. Mzee Taratibu akaendelea, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine.

"Nasema, nasema, na wanaonisikia ni watoto wa miaka minane tu," zeze likasema. "Nimechoka, lakini nikilala nani atawasha taa."

Ukumbi ukatulia. Shangazi wa bibi harusi akatoa leso. Baadaye watu walimzunguka Mzee Taratibu wakamshika mkono, na mmoja akamuuliza haya maneno mazito anayatoa wapi.

"Yanakuja tu," alijibu.

Huo haukuwa uongo. Alirudi nyumbani saa moja, amebebeshwa keki, akamsimulia mkewe mambo yote, nani alilia, nani alicheka, nani aliomba arudie. Alizungumza kwa dakika arobaini. Mwalimu hakuwahi kumsikia akizungumza dakika arobaini mfululizo, na kwa kuwa hakuwa na namna, alisikiliza mpaka mwisho. Aliona kwamba mumewe ana furaha. Jambo hilo lilimfurahisha, na lilimuudhi kwamba lilimfurahisha.

Jumatatu shule ilifunguliwa baada ya likizo fupi. Mwalimu alimwandikia mwalimu mkuu barua fupi akieleza kwamba sauti yake imefungwa kwenye zeze kwa bahati mbaya, na anaomba ruhusa ya nusu siku ampeleke mumewe kwa fundi. Mwalimu mkuu aliisoma mara mbili. Alikuwa mtu wa kupenda ratiba.

"Nusu siku haiwezekani, Mwalimu. Mitihani iko karibu," alisema. "Kwani zeze liko wapi? Mzee si amestaafu? Alete hapa."

Basi Mzee Taratibu akaanza kufika shuleni saa mbili kasoro kila asubuhi. Aliwekewa kiti kando ya kabati. Mwalimu alisimama ubaoni, akaandika, akaonyesha kwa rula, akawaza. Mumewe akapiga, na darasa likasikiliza. Haikuwa kazi rahisi, maana zeze halikuchagua. "Sita mara saba ni arobaini na mbili," lilisema. "Wewe wa nyuma, toa kidole puani. Hivi viatu vinanibana." Watoto waliandika yote matatu kwenye madaftari yao.

Lakini walikuwa wanasikiliza. Sauti ileile waliyoisikia tangu mwezi wa kwanza, na ambayo wengi wao walishazoea kuiacha ipite, sasa ilipotoka kwenye kibuyu waliifuata kwa macho. Kwenye jaribio la wiki ya pili, watoto thelathini na sita walipata jedwali la saba lote bila kosa. Mwalimu aliyatazama madaftari hayo nyumbani, akafurahi kidogo, kisha akaumia sana. Alikuwa amewafundisha vilevile, kwa maneno yaleyale.

Kila asubuhi aliweka karatasi kando ya kikombe cha mumewe. Iliandikwa neno moja, "Lini?"

"Wiki hii hii," Mzee Taratibu alijibu, akinywa chai. "Tena ningekwenda leo, ila mchana nimeitwa mahali. Taratibu tu, mke wangu. Wiki sita ni nyingi."

Na kweli alikuwa akiitwa. Aliitwa kwenye ufunguzi wa duka la vitasa, kwenye ubarikio kanisani, na kwenye mahafali ya wauguzi. Alinunua koti. Alianza kutambulisha wimbo kabla ya kupiga, akisema huu ni wa majonzi, huu ni wa kina mama, ingawa hakuweza kujua utakuwa wa nini mpaka utoke. Kuna siku Mwalimu aliwaza kuhusu bomba la jikoni linalovuja, na wauguzi wapya sabini walisimama wakashikana mikono.

Binti yao aliyeolewa mbali alipiga simu kila Jumapili saa nne. Baba mtu aliweka simu mezani, akapiga zeze, na mama akazungumza. Wiki ya kwanza ilikuwa na shida, kwa sababu binti alisikia yote, hata kwamba mama yake hajawahi kukipenda kicheko cha mkwewe.

"Mama," binti akasema, "mbona leo unasema kweli tupu?"

"Siwezi kuchagua," zeze likasema. "Nikikukumbuka linatoka, nikiona vumbi chini ya kabati linatoka. Natamani nikugombeze kwa mdomo wangu mwenyewe, mwanangu. Natamani nikudanganye kwamba sijambo."

"Baba," binti akasema, "mpeleke mama kwa fundi."

"Nitampeleka."

"Kesho, Baba."

"Kesho kuna shule, mama. Wiki hii hii."

Alikuwa na tabia ya kumwita binti yake mama, kama baba wengi, na alilisema kwa upole. Kisha akaweka zeze kwenye msumari wake ukutani, na mazungumzo yakaishia hapo, maana hapakuwa na wa kuyaendeleza. Binti alisema haloo mara mbili, akakata.

Wiki ya nne, siku ya Alhamisi, mumewe akiwa anaoga, Mwalimu alilitoa zeze kwenye msumari, akalifunga kwa kanga, akaenda nalo kwa fundi. Alitembea haraka. Fundi alimpa kigoda na maji ya kunywa, akalipokea zeze kwa mikono miwili. Akabonyeza ngozi kwa kidole gumba, akasogeza sikio.

"Bado wiki mbili na siku mbili," alisema. "Itakauka Jumamosi ile ya mwisho wa mwezi. Jioni. Mzee yuko wapi?"

Mwalimu alitikisa kichwa, akaonyesha fundo.

"Mama, ningekufungulia hata sasa. Lakini kazi ikitoka humu ndani ina mwenyewe. Mzee ndiye aliyeliagiza, na ndiye aliyeshika shingo. Akija akasema fungua, nafungua. Hata asiposema, akiitikia kwa kichwa tu mimi nimeelewa, namjua si msemaji."

Mwalimu alitoa kalamu nyekundu, akaandika nyuma ya karatasi ya jaribio: Sauti ni yangu.

Fundi alitafuta miwani. Akaisoma polepole, akakubali.

"Ni kweli. Sauti ni yako. Lakini zeze ni lake."

Hakuisema kwa ubaya. Alikuwa amesikitika kabisa, na alimsindikiza mpaka kwenye kona ya barabara akiwa amembebea zeze. Njiani alimwambia siku ile ya Jumamosi atakuwa kazini mpaka saa kumi na moja kamili, kisha atafunga, maana ana dawa za macho anazotia kwa saa. Waje hata kwa dakika tano. Fundo lenyewe ni dakika mbili.

Wiki ya tano shule ikapata mkaguzi. Alikuwa bwana nadhifu mwenye kalamu nne mfukoni. Alikaa nyuma ya darasa la tatu kwa kipindi kizima, akasikiliza zeze likieleza sehemu na nusu na robo, akaandika. Ripoti yake ilisomwa kwenye chumba cha walimu. Ilisema kwamba katika miaka kumi na minane ya ukaguzi hajaona mbinu ya kufundishia yenye mvuto kama ya mzee huyu, ambaye shule imefanya vizuri kumtambua. Ilipendekeza atunukiwe cheti kwenye sherehe ya walimu ya wilaya, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mstari wa mwisho ulisema kwamba yule mama anayemsaidia kuonyesha ubaoni ni mtulivu, na aendelee kumsaidia.

Walimu walipiga makofi. "Hongera, Mwalimu," mwenzake mmoja akasema, akimkumbatia. "Mumeo ametuheshimisha."

Mwalimu alikwenda chooni, akafunga mlango, akalia. Kulia kwake hakukuwa na sauti, kwa hiyo hata waliokuwa wakinawa mikono nje hawakujua. Nyumbani, mumewe alikokwisha kurudi nalo, zeze lilikuwa ukutani, na hakuna aliyeligusa.

Jioni hiyo hakuandika "Lini?" Aliandika barua nzima, kurasa mbili, na tarehe, na saa. Mzee Taratibu aliisoma yote akiwa amesimama. Alipomaliza alikaa chini.

"Nimekuchelewesha," alisema. "Ni kweli, mke wangu. Unajua, miaka ishirini na saba nimeingia nyumba za watu, na hakuna aliyeniuliza habari zaidi ya kusema mita iko kule. Sasa mtu ananisimamisha barabarani. Nilitaka kidogo tu." Alikunja barua. "Jumamosi tutakwenda wote. Sherehe inaanza saa nane. Nikipewa cheti, napiga kimoja, tunatoka saa kumi, tunapitia kwa fundi. Saa kumi na robo ushapata sauti yako. Nakuahidi."

Alikuwa anamaanisha. Hilo Mwalimu aliliona, na ndilo lililomfanya amwamini.

Sherehe ilianza saa tisa na dakika ishirini, kwa sababu mgeni rasmi alichelewa. Ukumbi ulikuwa na watu mia tatu, feni tatu, na kipaza sauti kilichokuwa kikipiga mluzi. Mwalimu alikaa mstari wa mbele, mkoba mapajani, viatu tayari. Hotuba ya kwanza ilikuwa ndefu, na ya pili ilikuja kukubaliana na ya kwanza. Saa kumi na dakika kumi Mzee Taratibu aliitwa jukwaani, akapewa cheti kilichowekwa kwenye fremu, akaombwa apige kimoja.

Mwalimu hakuwa na wazo lingine lolote kichwani. Hakuwaza viatu, wala bomba la jikoni, wala jedwali la saba.

"Nirudishie sauti yangu," zeze likasema.

Mzee Taratibu aliinua uso akamtazama mkewe. Akaitikia kwa kichwa kumwonyesha kwamba amesikia, wanakwenda sasa hivi. Akaendelea kupiga, ili amalize.

"Nirudishie sauti yangu," zeze likasema tena. "Muda unakwisha. Nirudishie sauti yangu."

Mtu fulani nyuma akaanza kupiga makofi kwa kufuata mapigo. Mstari wa kina mama ukadakia. Ilikuwa rahisi kuimba, ilikuwa na maneno matatu tu, na kila mtu ukumbini alikuwa na kitu alichonyang'anywa wakati fulani. Mara watu wote mia tatu wakawa wamesimama, mikono juu, wanaimba nirudishie sauti yangu, na mwalimu mkuu anaimba, na mkaguzi anaimba huku akipiga kalamu kwenye kiti. Mzee Taratibu alijaribu kumaliza mara mbili. Kila alipopunguza, ukumbi ulimwambia arudie, na yeye hakuwahi katika maisha yake kuombwa na watu mia tatu jambo lolote.

Saa ya ukutani ilikuwa kumi na dakika thelathini na tano. Mwalimu alisimama, akapanda jukwaani, akanyoosha mkono kulichukua zeze. Watu walishangilia. Mwalimu mkuu alidhani amekuja kumtunza mumewe, akapanda naye, akamshika mkono, akamzungusha, kwa heshima zote, kama anavyochezeshwa mama wa shughuli. Alimzungusha mara nne. Kila alipozungushwa aliwaza kwa nguvu zaidi, na zeze likasema kwa nguvu zaidi, na wote wakaimba vizuri kuliko mwanzo.

Walifika kwa fundi saa kumi na moja na dakika ishirini na tano. Fundi alikuwa bado yupo. Alikuwa amefunga nusu ya mlango, ameshatia dawa ya jicho moja. Alilichukua zeze akabonyeza ngozi kwa kidole gumba, kisha akaigonga kwa ukucha, kisha akaigonga tena mahali pengine. Ilitoa mlio mkavu, safi.

"Imekauka," alisema.

Mzee Taratibu alitoa leso akafuta uso. Baadaye alisema, "Pole, mke wangu," na machozi yalimtoka kweli, na fundi akatazama pembeni. Mwalimu alikuwa anatazama lile fundo. Lilikuwa dogo, kama punje ya mchele. Fundi aliwapa kitambaa laini cha kufutia ngozi, akawaeleza wasiliache juani, kwa sababu sasa likitunzwa linaweza kudumu hata miaka sitini.

Watu huzoea. Jumatatu kiti cha kando ya kabati kilibadilishwa, kikaletwa chenye mto. Barua ya ajira ya Mzee Taratibu ilikuja mwezi uliofuata, na ya Mwalimu ilikuja siku hiyohiyo kwenye bahasha ileile, ikimtaja kama msaidizi. Ule wimbo ulitoka ukumbini ukaenda mtaani. Saluni waliuimba wakisuka. Wasichana wa darasa la tatu waliurukia kamba wakati wa mapumziko, wakihesabu ni mara ngapi mtu anaweza kuruka kabla ya kurudishiwa, na aliyefika ishirini alikuwa bingwa. Mwalimu alisimama dirishani akawatazama. Hakuwakataza. Hakukuwa na namna ya kuwakataza, mumewe akiwa amekwenda kunywa chai.

Siku moja ya Jumatano, baada ya chakula, Mzee Taratibu alikaa mkabala na mkewe, akaweka mikono mezani. Siku hizi alijua pa kuiweka. Alikohoa.

"Jumamosi ni harusi ya mtoto wa mkaguzi," alisema. "Wameniomba jambo. Wanasema nyimbo zangu ni nzuri mno, ila zinatia huzuni, na ile ya nirudishie watu wameshaijua. Wanaomba safari hii ziwe za furaha kidogo." Akatabasamu, maana alikuwa anaomba kitu kidogo kwa mtu anayempenda. "Kwa hiyo Jumamosi, kuanzia saa tisa hadi saa kumi na mbili, jitahidi uwaze mambo mazuri. Unaonaje?"

Mwalimu alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, na uso wake haukuficha kitu.

Mzee Taratibu alinyoosha mkono ukutani, akalishusha zeze ili asikie jibu. Alilipakata vizuri. Akaweka kidole gumba juu ya uzi wa nne, akakiacha hapo. Mkewe alisogeza kiti karibu, akangoja.

Kisha akakiondoa kidole. Akasema chakula bado hakijashuka, na jibu halina haraka, atalisikia hukohuko Jumamosi pamoja na wageni. Akalirudisha zeze kwenye msumari, akalifuta vumbi kwa kile kitambaa laini, akaenda kunyoosha koti lake.